Jino liliuma wiki mbili, likanyamaza: je, limepona?

Swali lililonifikia ni hili:

"Daktari, nina miaka 34 na nimepiga mswaki asubuhi na usiku tangu nikiwa mtoto. Hata hivyo nina magego matatu yaliyotoboka, ilhali mdogo wangu, ambaye mara nyingi hulala bila kupiga mswaki, hana hata tundu moja. Miezi miwili iliyopita gego moja la chini liliniuma wiki mbili mfululizo, usiku ndio zaidi, mpaka nikawa nalala nimekaa. Nikameza antibayotiki zilizobaki nyumbani, maumivu yakaisha kabisa. Sasa pembeni ya jino hilo ufizi umetoa kipele kinachotumbuka na kurudi, lakini hakiumi. Fizi nazo hutoa damu nikipiga mswaki, kwa hiyo upande huo nimeacha kuugusa. Nyumbani wanasema ni wadudu wa meno, na kwamba kwetu ni mambo ya ukoo. Naomba unieleze mashimo haya yanatoka wapi. Na kwa kuwa jino limeshatulia, naweza kuliacha?"

Dada yangu, nianze na hilo gego, maana ndilo lisiloweza kungoja. Halijapona. Limenyamaza kwa sababu sehemu yake iliyokuwa hai imekufa, na kile kipele kinachotumbuka na kurudi ni mlango ambao usaha umejichimbia kutoka kwenye ncha ya mzizi hadi juu ya ufizi. Hakiumi kwa kuwa usaha una pa kutokea. Siku mlango huo ukiziba, usaha utabaki ndani na unaweza kuamka shavu limevimba. Kwa hiyo mwone daktari wa meno ndani ya siku chache hizi, hata kama sasa unalala vizuri. Na ikiwa kabla ya siku hiyo utapata uvimbe chini ya taya au shingoni, homa, shida ya kumeza au kupumua, mdomo kushindwa kufunguka, au uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Swali kama lako nimelipata mara nyingi, na kila mara linanisikitisha. Mtu anayekuja wakati jino linashtuka kwa maji baridi tu, mara nyingi huondoka nalo likiwa hai. Anayekuja baada ya kunyamaza amechelewa kwa jambo moja lisilorudishika. Ndiyo maana nitakueleza safari yote, tangu siku ambayo hakuna tundu wala maumivu.

Nyumbani wanaposema wadudu hawako mbali sana na ukweli, ingawa si wadudu wanaowafikiria. Imani ya kwamba kuna funza anayelitafuna jino kutoka ndani ni ya kale mno. Imo hata katika vibao vya udongo vya Babeli. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini zake mwenyewe, alikwangua uchafu mweupe kati ya meno yake, akauchunguza, akaona viumbe vidogo sana vikiogelea ndani yake. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard aliikataa imani ya funza kwa maandishi. Lakini ilibidi kungoja hadi mwaka 1890, pale Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alipounganisha mambo hayo mawili: viumbe hao hawalitafuni jino. Wanakula sukari na wanga unaokula wewe, wanatoa asidi, na asidi ndiyo inayoliyeyusha jino.

Ukipitisha ulimi kwenye meno yako jioni kabla ya kupiga mswaki, utahisi utando laini, kama jino limevishwa kitu. Huo ni ukoga. Si mabaki ya chakula, ingawa watu wengi hudhani hivyo, na ndiyo maana kusukutua kwa maji hakuuondoi. Ni mji wa bakteria walioshikamana wao kwa wao na kuligandia jino kwa gundi waliyoitengeneza wenyewe. Mmoja wao anayejulikana sana ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1924. Huyu ana ujuzi wa aina mbili: anaweza kuishi na kuendelea kufanya kazi ndani ya asidi ambayo ingewalemaza wenzake, na sukari ya kawaida, ile nyeupe ya mezani, anaigeuza kuwa gundi. Hayuko peke yake. Karibu kila mdomo una bakteria wa kutengeneza asidi, hata mdomo wa mdogo wako. Jambo la kuangalia ni kwamba kila unapowalisha sukari mara kwa mara, wale wanaostahimili asidi wanazidi kuongezeka na wapole wanapungua, mpaka mji mzima unabadilika tabia.

Sasa tazama jino lenyewe. Ganda lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Ugumu huo unakuja na udhaifu wake: enameli haina chembe hai. Mfupa ukivunjika hujiunga na ngozi ikikatika hufunga, lakini enameli ikibomoka hakuna kitu ndani yake cha kuijenga upya. Na madini hayo, yenye nguvu ya kusaga kila kitu, huanza kuyeyuka pale asidi inayoligusa jino inapofika kiwango fulani. Kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7 na namba ikishuka asidi inazidi, mpaka huo uko karibu na 5.5. Kwenye mzizi, ambao hauna enameli, mpaka unafikiwa mapema zaidi, na ndiyo sababu watu ambao fizi zao zimerudi nyuma hutoboka meno kwenye shingo ya jino, karibu na ufizi.

Katika miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan wa Marekani alipima asidi ndani ya ukoga wa watu waliosukutua maji ya sukari. Dakika chache tu zilitosha pH kuanguka chini ya mpaka huo. Kupanda tena kulichukua muda mrefu, nusu saa hadi saa nzima. Naomba ukae na picha hiyo kidogo, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali lako kubwa. Kila unapoonja kitu chenye sukari, hata kijiko kimoja au funda moja, saa ya asidi inaanza kuhesabu. Anayekunywa soda moja kwa mkupuo pamoja na mlo amefungua saa hiyo mara moja. Anayeiweka mezani na kuinywa funda funda mchana kutwa hajaipa nafasi ya kufika mwisho hata mara moja. Wote wawili wamekunywa sukari ile ile, lakini meno yao hayakupata adhabu ile ile.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulipatikana Sweden kati ya mwaka 1945 na 1953, katika taasisi ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, na ulipatikana kwa njia ambayo siwezi kuitaja bila uchungu. Waliotumiwa walikuwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa, na baadhi yao walipewa tofi za kunata kila siku ili ionekane meno yataharibika vipi. Yaliharibika sana. Waliopata sukari nyingi wakati wa mlo tu hawakuharibika kwa kiasi hicho. Kilichoamua zaidi ni mara ngapi sukari inaingia na inakaa muda gani, kuliko jumla yake. Leo utafiti wa namna hiyo hauruhusiwi, wala haupaswi kuruhusiwa. Lakini watu wale walilipa gharama hiyo kwa meno yao, na kupuuza walichotufundisha kungekuwa kuwadhulumu mara ya pili.

Barua yako inazungumzia mswaki peke yake. Hukuniambia unakula na kunywa nini kati ya mlo na mlo. Jiulize: kuna kikombe cha kinywaji kitamu kinachokaa nawe muda mrefu? Peremende unayomumunya kulainisha koo? Asali, juisi ya matunda, biskuti za kupitisha muda? Juisi, hata ya matunda halisi, kwa bakteria ni sukari tu. Biskuti na vyakula vya unga vilivyolainishwa hunasa kwenye mifereji ya magego na kugeuka sukari humo humo. Mswaki wa mara mbili kwa siku hauwezi kufuta asidi ya mara kumi.

Hadithi haikuishia hapo lakini, na sehemu hii inanipa furaha kuieleza. Asidi inapopungua, yale madini yaliyotoka hurudi. Mate yamejaa kalsiamu na fosfeti, na yana chumvi zinazoituliza asidi. Mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na sehemu kubwa ya kazi yake ni hii: kuosha, kutuliza, kurudisha. Kwa hiyo jino lako kila siku linayeyuka kidogo na kujijenga kidogo. Tundu ni hesabu ya miezi na miaka ambayo kuyeyuka kumeshinda kujengwa. Kwa mtu mzima safari ya kupenya enameli huweza kuchukua miaka kadhaa. Kwa mtoto, ambaye meno yake ya utotoni yana enameli nyembamba, huenda haraka zaidi.

Usiku mate hupungua mno. Ndiyo sababu mswaki wa kabla ya kulala ndio wa thamani kuliko wote, na chochote kitamu kinachofuata baada yake hubaki na jino mpaka asubuhi, hakuna wa kukiosha. Floraidi ya kwenye dawa ya meno inafanya kazi katika mvutano huu huu: inayasaidia madini kurudi, na yanayorudi pamoja nayo hustahimili asidi zaidi kuliko yale ya mwanzo.

Tukifika hapo, suala la mdogo wako linaeleweka. Huenda mate yake ni mengi kuliko yako, au huenda hagusi kitu kitamu kati ya mlo na mlo. Magego yake yanaweza kuwa na mifereji mifupi inayosafishika kwa urahisi, yako yakawa na nyufa nyembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Pia kuna dawa nyingi zinazokausha mate: za mzio, za sonona, baadhi ya za shinikizo la damu. Ukitumia yoyote kwa muda mrefu, mtajie daktari wa meno. Wengi hawazitaji kwa sababu hawaoni zinahusianaje na meno.

Na ukoo? Umbo la jino, ubora wa enameli na wingi wa mate vinaweza kurithiwa kwa kiasi fulani. Tundu halirithiwi. Mwaka 1960 Paul Keyes, mtafiti wa Marekani, alieleza jambo la kushangaza kuhusu hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya. Kulikuwa na kizazi cha hamsta ambao meno yao hayakutoboka hata wakilishwa sukari, na ilionekana wamezaliwa na kinga. Aliwaweka kizimba kimoja na hamsta wenye meno mabovu, nao wakaanza kutoboka. Walichokosa kumbe kilikuwa bakteria tu. Kwa binadamu pia, mtoto huwapata bakteria hawa mapema kwa mate ya watu wa karibu, mara nyingi mama, kwa njia za kawaida kabisa za malezi. Sisemi hivi ili mama yeyote ajilaumu. Nasema ili uone kwamba kinachopita katika familia ni bakteria, kikombe cha kinywaji kitamu na desturi ya kwenda kwa daktari siku ya maumivu tu. Mambo hayo yanabadilika.

Sasa tuingie ndani ya gego lako.

Dalili ya kwanza kabisa ya kuoza si tundu. Ni doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, mara nyingi karibu na ufizi au ndani ya mfereji. Madini yametoka chini ya uso, lakini uso wenyewe bado haujabomoka. Hatua hii inarudi nyuma: ukipunguza mara za sukari, ukaondoa ukoga na kutumia floraidi, doa hilo linaweza kuwa gumu tena bila kuchimbwa. Ningependa kila mtu alijue hilo doa kuliko anavyolijua tundu. Tatizo ni kwamba haliumi, na watu tumezoea kuyakumbuka meno yanapouma tu.

Uso ukibomoka, bakteria hupata pango ambalo mswaki haufiki. Chini ya enameli kuna dentini, laini zaidi, iliyojaa mirija midogo mno, makumi ya maelfu kwa kila milimita moja ya mraba. Ndani ya mirija hiyo kuna majimaji, na baridi au kitu kitamu kikiyasukuma, neva za ndani hushtuka. Hapo ndipo mtu husema jino linasisimka. Kuoza hutanuka chini ya enameli kuliko juu, kwa hiyo tundu dogo kama ncha ya sindano linaweza kuwa na shimo kubwa chini yake. Wagonjwa wengi hushangaa wanapoliona kwenye picha ya eksirei.

Jino halikai kimya muda huo. Katikati yake kuna kiini, chenye mishipa ya damu, neva na chembe hai, na chembe hizo hujenga ukuta mpya wa dentini kwa ndani kumrudisha nyuma adui. Kuoza kukienda polepole, ukuta unaweza kutosha. Kukienda kasi, sumu za bakteria hukifikia kiini nacho huvimba, kama tishu yoyote inavyovimba ikijeruhiwa. Tofauti ni kwamba kidole kikivimba kina pa kutanukia. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, kama mguu uliovimba ndani ya kiatu cha chuma. Mgandamizo unapanda, neva zinabanwa, na ukilala damu huelekea zaidi kichwani, ndipo maumivu yanapochacha usiku. Wewe kulala umekaa ulikuwa umegundua hilo mwenyewe.

Daktari husikiliza sana aina ya maumivu. Mshtuko wa baridi unaopita mara kinachousababisha kinapoondolewa humaanisha kiini kimekereketwa lakini kinaweza kupona likizibwa. Maumivu yanayobaki dakika nyingi baada ya kitu cha moto au baridi, yanayokuja yenyewe, yanayokuamsha, humaanisha kiini kimepita mahali pa kurudi. Katika hatua hii mtu mara nyingi hawezi hata kuonyesha ni jino lipi. Husema sikio, au upande mzima wa kichwa, au humwonyesha daktari jino la juu kumbe tatizo liko chini.

Kisha kiini hufa, na maumivu hukoma. Hapa ndipo antibayotiki zako zilipochukua sifa isiyo yao. Dawa husafiri kwa damu. Kiini kinapokufa mishipa yake ya damu imekufa pia, kwa hiyo dawa haifiki kule bakteria waliko. Inaweza kupunguza bakteria waliokwisha kutoka nje ya mzizi, ndiyo maana daktari huitoa pale kuna uvimbe unaosambaa au homa, pamoja na tiba ya jino lenyewe. Peke yake haitibu chochote ndani ya jino. Kumeza mabaki ya dozi kuna hatari nyingine pia: kunafuga bakteria sugu, nao watakusumbua siku utakapoihitaji dawa hiyo kweli. Naomba usirudie. Na usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kama watu wengi wanavyofanya. Kinauunguza ufizi na jino linabaki vile vile.

Baada ya kiini kufa, mfereji ule ndani ya mzizi huwa nyumba ya bakteria ambayo kinga ya mwili haiwezi kuingia. Mwili hujenga ngome nje ya ncha ya mzizi, na ili kuijenga huondoa mfupa wa taya ulioko hapo. Kwenye eksirei huonekana kama kivuli cheusi chini ya mzizi. Kivuli hicho kinaweza kukaa miezi au miaka bila maumivu yoyote. Kisha siku moja, kwa homa, uchovu au bila sababu inayoonekana, mizani inaelemea upande mmoja na jipu linalipuka. Usaha ukipata njia ya kutoka kwenye ufizi unakuwa kama kipele chako. Ukikosa, hufuata nafasi zilizoko kati ya misuli. Kutoka magego ya chini nafasi hizo huenda chini ya ulimi na shingoni, na uvimbe wa pande zote mbili hapo unaweza kuziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na bado unaua watu walioanza na jino moja tu. Sikutishi. Gego lako ni la chini, ndiyo maana nimeweka dalili za hatari mwanzoni mwa jibu hili.

Nigeukie fizi, maana umefanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kwa nia njema. Ufizi ukitoka damu, akili inasema nimeuumiza, niuache upumzike. Kumbe damu hiyo kwa kawaida inatoka kwa sababu ukoga umekaa pembeni yake, mwili umepeleka damu na askari wake kupambana, na mishipa imetanuka na kuwa dhaifu. Ukiacha kusafisha unamwongezea adui siku za kukaa.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona baada ya takriban wiki moja. Ninaupenda utafiti huu kwa wepesi wake: unaonyesha ugonjwa ukiingia na kutoka kwa sababu moja tu.

Lakini kurudi huko kuna mwisho wake. Ukoga usioondolewa hunyonya madini ya mate na kugeuka ugaga, mgumu kama jiwe, ambao mswaki hauutoi tena. Ugaga una uso wa kukwaruza unaokaribisha ukoga mpya juu yake. Uvimbe ukiendelea miezi na miaka, kwa baadhi ya watu unashuka chini: ufizi unaachana na jino, mfuko unatengenezeka, na ndani ya mfuko huo usio na hewa hustawi bakteria wa aina nyingine, kama Porphyromonas gingivalis. Mwili unapigana, na katika kupigana huko unauyeyusha mfupa unaoshikilia jino. Ndivyo meno yasiyo na tundu hata moja yanavyolegea na kung'oka mazima. Mfupa uliopotea haurudi wenyewe. Kinachowezekana ni kusimamisha upotevu.

Mdogo wako asiye na tundu namwazia sana hapa. Meno yasiyotoboka si ushahidi wa fizi nzima. Magonjwa haya mawili yanatoka kwenye ukoga ule ule lakini hayafuati njia moja, na mara nyingi nakutana na mtu mwenye umri wa makamo, meno meupe, hajawahi kuzibwa hata moja, ambaye nusu ya mfupa wake umekwenda bila kuhisi chochote. Mwambie naye akapimwe. Kama anavuta sigara, haraka zaidi: tumbaku hubana mishipa, fizi hazitoi damu, na ile kengele ya onyo inakuwa imezimwa. Kisukari nacho huuchochea ugonjwa wa fizi, na ugonjwa mkali wa fizi huifanya sukari ya damu iwe ngumu kuidhibiti. Ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi kwa sababu ya homoni, na kumsafisha mjamzito meno ni salama.

Kwa gego lako, daktari atapiga eksirei na kukupa njia mbili. Moja ni matibabu ya mzizi: anafungua jino, anatoa mabaki ya kiini, anasafisha mifereji hadi nchani, anaijaza na kuifunga, kisha jino linavikwa kofia kwa sababu limekuwa rahisi kupasuka. Nyingine ni kuling'oa. Ikiwa jino bado lina kuta za kutosha na mfupa wake ni mzima, mimi huwa nashauri la kwanza. Pengo la gego si nafasi tupu tu. Mfupa wa hapo hupungua, jirani hulala kuelekea pengo, na la juu hushuka kutafuta mwenzake. Lakini kung'oa jino lisilookoleka ni tiba halali, na ni bora mara nyingi kuliko kukaa na usaha kwa mwaka mzima ukisubiri uwezo wa njia ya kwanza. Kipele kitafunga chenyewe chanzo kikiondoka, hakihitaji dawa ya kupaka. Usikikamue.

Magego mengine mawili uliyoyataja yazibwe sasa, kabla hayajafika kwenye kiini. Hayo ndiyo yenye nafasi ambayo hili la kwanza limeikosa.

Nyumbani, tumia dawa ya meno yenye floraidi ya sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni, namba hiyo imeandikwa kwenye kasha. Mswaki uwe laini, uuelekeze kwenye mstari ambapo jino linakutana na ufizi, dakika mbili, kwa mwendo mfupi usio na nguvu. Ukimaliza tema povu lakini usisukutue kwa maji, maana utaiosha floraidi kabla haijafanya kazi. Kati ya meno mswaki haufiki, kwa hiyo pitisha uzi au kiburashi kidogo mara moja kwa siku. Vitu vitamu vihamishie kwenye mlo, na katikati kunywa maji.

Upande ule ulioacha kuugusa, anza nao leo usiku. Damu itatoka siku za mwanzo, pengine nyingi kuliko unavyotarajia, kisha ipungue. Hesabu wiki mbili. Ikiwa baada ya hapo bado inatoka, inawezekana kuna ugaga chini ya ufizi ambao wewe huwezi kuufikia. Mwambie daktari apime kina cha ufizi kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea ni mfuko. Mwombe aziandike namba hizo kwenye faili lako, ili mkionana tena muwe na cha kulinganisha.